Mwana wa Mhunzi: Nyumba ya Zawose na Urithi wa Muziki wa Wagogo

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii hutumika sana kumsifu mtoto aliyeshika kazi ya babake, na aghalabu husahauliwa kwamba imetaja kazi mbili, tena kazi zisizolingana kwa sifa. Anayesana ndiye ashikaye nyundo, na jembe likisifiwa ndiye atajwaye. Anayevukuta hukaa nyuma ya moshi, mikono yake kwenye mivukuto, na hakuna mteja amwulizaye jina. Lakini moto ukizimika, nyundo haina kazi.

Historia ya nyumba ya Zawose yafaa kusomwa kwa methali hiyo yote, pande zake mbili. Ni nyumba ya Wagogo waliohamia Bagamoyo na kuufikisha muziki wa nchi yao katika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Dunia ilimjua mtu mmoja katika nyumba hiyo, Hukwe Ubi Zawose, na alipofariki tarehe 30 Desemba 2003 ilikuwa rahisi kudhani kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Sababu yake imo katika namna nyumba hiyo ilivyoundwa, na zaidi ya hapo, imo katika namna muziki wenyewe ulivyoundwa.

Ugogo ni nchi kame iliyo katikati ya Tanzania, nchi ya mibuyu na miiba, mtama na uwele, ng'ombe na mbuzi, ambako mvua ikikosa msimu mmoja watu huhesabu siku. Kwa sisi wa visiwani nchi hiyo yaonekana mbali, lakini historia iliiunganisha nasi zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyoondoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji haikuwa na budi kupita Ugogo, na watemi wa huko waliidai hongo ili wapagazi wapate njia na maji. Kwa njia hiyo ziliteremshwa pembe za ndovu, wakateremshwa na watumwa, na kutoka Bagamoyo vyombo vikavuka mkondo kuja Unguja. Yaliyopita katika njia ile hatuna sababu ya kujivunia. Hata hivyo ndiyo njia aliyokuja kuifuata, yapata karne moja baadaye, Mgogo mwenye ilimba mkononi.

Kabla yake alikwishatangulia Mgogo mwingine, naye wasomaji wa mashairi hawahitaji kujulishwa. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, wakati Ugogo ulipokuwa ukiingia katika njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyoangamiza watu wengi na kuwatawanya wengine hadi mwaka 1920. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, na kwa diwani zake na ngonjera zake akapata mahali pake miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili. Leo mwanafunzi akighani ngonjera shuleni hakumbuki kwamba aliyeutia nguvu utanzu huo wa majibizano alikulia katika nchi ambayo nyimbo zake nyingi ni za kuitikiana. Mnyampala aliingia katika lugha yetu kwa kalamu, akajifunza mizani na vina vyetu hata akatufundisha. Hukwe Zawose alikuja na sauti ya kwao kama ilivyo, akawaachia wasikilizaji kazi ya kujifunza kuisikia.

Hukwe alizaliwa katika wilaya za Dodoma kiasi cha mwaka 1938, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake. Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Katika baadhi ya nchi za Afrika Magharibi, kama Mali na Gambia, muziki ni kazi ya koo maalumu: mtu huzaliwa mpiga kora, na jina la ukoo wake hueleza kazi yake. Wagogo hawakuwa na mgawanyo huo. Kwao muziki ulikuwa mali ya kijiji. Kulikuwa na nyimbo za jando, nyimbo za mavuno, nyimbo za kuomba mvua na za kutibu, na kila mtu alikuwa na mahali pake ndani yake kwa kadiri ya umri na jinsia. Mtu hodari alisifiwa, lakini hakuna ukoo uliodai kuumiliki muziki. Kwa hiyo tunaposema leo "familia ya wanamuziki ya Zawose", tunataja kitu ambacho hakikutoka Ugogo kikiwa kamili. Kilizaliwa safarini.

Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1962, Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba vijana wa shule walifundishwa kudharau ngoma za kwao. Katika miaka hiyo ya mwanzo baada ya uhuru alimwita Hukwe aje akae na kufanya kazi Dar es Salaam. Baadaye kilipofunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, chuo ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, Hukwe alikuwa miongoni mwa waliofundisha huko. Akajenga, akaoa, akazaa, akawapokea na jamaa wengine kutoka Ugogo.

Mtu angeweza kuja na ilimba yake, lakini hakuweza kuja na kijiji chake. Muziki aliouchukua hauwezi kuimbwa na mtu mmoja ukawa kamili. Unahitaji waitikiaji, unahitaji wachezaji wenye njuga miguuni, unahitaji wanawake wa ngoma. Huko nyumbani hao wote walikuwa majirani. Bagamoyo majirani walikuwa Wazaramo, Wakwere na Waswahili, wenye ngoma zao na kasida zao. Hivyo ikabidi nyumba igeuke kijiji. Wake wakawa waitikiaji, watoto wakawa wachezaji, mpwa akawa mshika zeze. Kile ambacho Ugogo kilibebwa na jamii nzima, Bagamoyo kilibebwa na ua mmoja.

Ili kuelewa uzito wa mzigo huo yafaa kutazama kwa karibu muziki wenyewe. Uzi wa zeze ukipitishiwa upinde hautoi sauti moja tu. Ndani ya sauti kubwa zimo nyingine nyembamba, zilizopandana kwa kipimo cha maumbile, na msikilizaji mtulivu huzisikia. Wagogo walizichagua baadhi ya sauti hizo, wakazifanya ngazi ya nyimbo zao. Kwa hiyo ngazi yao haikupimwa kwa kinanda, na moja ya sauti zake huangukia katikati ya vidole viwili vya kinanda, isiweze kupatikana hapo. Mpenzi wa taarabu halioni ajabu jambo hili. Anajua kwa nini fidla na udi, ala zisizo na vigawanyo shingoni, ndizo zinazoweza kuzipata sauti za baadhi ya maqamu ambazo kinanda hakiwezi kuzifikia. Sikio la pwani na sikio la Ugogo, kila moja kwa asili yake, yamekataa kwamba sauti zote za dunia zimekwisha kupangwa katika vidole vyeusi na vyeupe.

Juu ya ngazi hiyo Wagogo hujenga uimbaji wa sauti nyingi. Mwimbaji wa kwanza akishika sauti moja, wa pili haishiki ile ya jirani. Huiruka na kuichukua inayofuata, na sauti mbili hizo zikikutana huzaa uwiano ambao masikio ya wageni hushangaa kuukuta kwa watu wasioandika muziki. Ndiyo maana Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, aliwarekodi Wagogo mwaka 1950, na wataalamu wengi wakamfuata. Lakini kanda iliyohifadhiwa maktaba humhifadhi aliyeimba siku ile. Mtoto hajifunzi kwa kanda lini aruke sauti na lini asiruke. Hujifunza akiwa katikati ya waimbaji, bega kwa bega, mpaka mwili wake ujue.

Ilimba nayo ina siri yake. Ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zilizofuliwa na mhunzi, zikafungwa juu yake kwa mpangilio na kupigwa kwa vidole gumba. Tundu la kisanduku huzibwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutetema na kuipa kila sauti mvumo wake. Hukwe alijulikana kwa kupiga ilimba kubwa zenye ndimi nyingi. Katika ilimba kubwa za Kigogo zimo ndimi ambazo mpigaji hazigusi kabisa. Zimewekwa pale ili wenzake wakipigwa nazo zitetemeke, ziitikie zenyewe kutoka ndani. Mtu akiziondoa kwa kuona hazipigwi, ilimba itabaki na nyimbo zake zote, lakini sauti itakuwa kavu.

Katika nyumba ya Zawose, ndimi hizo zisizoguswa zilikuwa wanawake. Kwa mila ya Kigogo zeze na ilimba ni ala za wanaume, na wanawake wana ngoma yao kubwa, muheme, ambayo mpigaji huibana kwa mapaja na kuipiga huku akiimba na kujongea nayo. Kwa wenyeji wa visiwa vyetu mwanamke na ngoma si habari ngeni. Tumemwona Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, akiufunga msondo wake wa unyago kiunoni na kuutawala uwanja. Lakini muziki ulipotoka kijijini na kupandishwa jukwaani, mgawanyo wa kazi ulibadilika kimya kimya. Ugogo uwanja wa muheme ulikuwa wa wanawake wenyewe, na wanaume walisimama kando. Jukwaani palihitajika kiongozi mmoja, jina moja la kuandikwa katika jalada, na jina hilo likawa la mwanamume mwenye ilimba. Wanawake wakahamia nyuma wakawa waitikiaji. Walikuwa wakivukuta.

Safari ya nyumba hiyo yaweza kufuatwa kwa majina ya santuri zake. Mwaka 1985 ilitoka Uingereza santuri iitwayo Tanzania Yetu, na ikafuatwa na nyingine iitwayo Mateso. La kwanza ni jina la mtu aliyeitwa na taifa naye akaitika. La pili laweza kusemwa na yeyote aliyeiona miaka ya 1980 katika nchi yetu, miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mwaka 1996 ikatoka Chibite, katika kampuni ya Real World iliyoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel. Jina hilo ni la Kigogo na maana yake ni "twende". Kwa mara hii jalada halikusema kwa lugha ya taifa. Lilisema kwa lugha ya nyumbani, na Chibite likawa pia jina la kikundi cha familia. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, ambamo Hukwe na mpwa wake Charles Zawose walishirikiana na Michael Brook wa Kanada, fundi wa gitaa na mitambo, na jina likawa la Kiingereza. Taifa, dhiki, lugha ya mama, kisha ulimwengu: msomaji wa historia ya nchi yetu atauona mwendo anaoujua.

Kisha mhunzi akafa. Hukwe alipozikwa, tegemeo la wengi lilikuwa Charles, aliyekuwa amesimama pembeni mwake katika safari za miaka ya mwisho na aliyekuwa na sauti na vidole vya kumrithi. Charles naye akafariki mwaka 2004. Katika muda mfupi nyumba ilipoteza sauti iliyojulikana na sauti iliyotarajiwa. Kama urithi ungekuwa kama fimbo ya utemi, apewe mmoja kisha mwingine, hapo ungekatika.

Haukukatika kwa sababu mafunzo hayakuwa ya mrithi mmoja. Kila mtoto wa ua ule alikua akisikia nyimbo kutoka kila upande wake: aliyeitikia kwa juu alijua kiongozi anaimba nini, aliyepiga muheme alijua ilimba inakwenda wapi, kwa kuwa asingejua angepotea. Katika uimbaji wa namna hii mwitikiaji hana budi kuwa na wimbo mzima kichwani. Anayevukuta humwona anayesana kutwa nzima. Hujua chuma kinapoiva kwa rangi yake kabla ya nyundo kushuka.

Mwanawe Msafiri Zawose alisimama akaendeleza ilimba na zeze, akaongeza ala na mitambo ya wakati wake. Mwaka 2017 ilitoka albamu yake Uhamiaji, aliyoitengeneza pamoja na mtayarishaji Sam Jones, ikachapishwa na kampuni ya Soundway ya London. Jina hilo lasema ukweli juu ya nyumba nzima. Msafiri ni mtoto wa watu waliohama, na muziki anaoupiga ni wa nchi ambayo baba yake aliiacha.

Kisha, mwaka 2024, Real World ile ile iliyomtoa Hukwe ikatoa albamu iitwayo Maisha, ya kikundi cha Zawose Queens. Humo wanaongoza Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Ilirekodiwa Bagamoyo, watayarishaji wakiwa Oli Barton-Wood na Tom Excell. Nyimbo walizitunga wenyewe, na sauti zilizozoeleka kusikika kwa nyuma zikasikika mbele. Karibu miaka 40 ilipita kati ya Tanzania Yetu na siku hiyo. Mtu anayesikiliza santuri za kwanza akijua yaliyokuja baadaye, sikio lake halitulii tena kwa kiongozi peke yake. Huenda kwa waitikiaji, akatambua kwamba sehemu kubwa ya utamu alioudhania kuwa wa mtu mmoja ilikuwa ikitoka huko.

Wapo watakaouliza kama huo bado ni muziki wa Wagogo. Swali lina haki yake. Wimbo wa jando ukiimbwa pasipo jando umeacha kazi yake nyuma, na muheme unaopigwa mbele ya watalii hauna mwali wa kufundwa. Mitambo nayo ina hatari yake, kwa kuwa mingi imepimwa kwa vidole vya kinanda, na sauti ile ya katikati yaweza kusukumwa taratibu mpaka ikae sawa na kupotea. Watoto waliozaliwa Bagamoyo wanakua katika Kiswahili, na nyimbo za Kigogo zina mafumbo yanayohitaji mtu aliyechunga ng'ombe na kungoja mvua. Lakini wenye kuuliza wasisahau kwamba Ugogo wenyewe haukukaa kimya ukingoja Bagamoyo iusemee. Huko Chamwino, karibu na Dodoma, vikundi vya vijijini hukutana katika tamasha la muziki wa Kigogo, wazee na watoto wa shule pamoja, na huko muheme ungali na wenyewe. Nyumba ya Zawose ni tawi, na shina lipo. Haki ya tawi ni kuzaa kwa namna yake, mradi maji liyapate kutoka kwenye mzizi.

Na sisi wa visiwani tuna la kujifunza. Taarabu yetu ilihifadhiwa kwa njia nyingine: kwa vilabu, kuanzia Ikhwani Safaa ya mwaka 1905, vyenye wanachama, katibu na mazoezi ya jioni. Klabu humzidi mtu umri, na hiyo ni nguvu yake. Lakini klabu nayo huandika majina ya waimbaji na watunzi, ikawasahau walioitikia, waliopiga dumbaki, na mabibi waliokuwa wakizijua beti zote kwa moyo ingawa hawakupewa kuimba. Tukimzika fundi husema "maktaba imeungua". Tungetazama jikoni na uani kabla ya kusema hivyo. Huenda yupo huko bibi aliyevukuta miaka 50, ambaye wimbo wote anao, na hakuna aliyewahi kumwomba aushike nyundo.

Wazee walioitunga methali walimweka mwenye kuvukuta chini ya mwenye kusana, kana kwamba ameshindwa kazi ya baba akapewa iliyobaki. Nyumba ya Zawose yatuonyesha kwamba katika kiwanda cha muziki huo ndio uanagenzi wenyewe, na kwamba siku mhunzi asipoamka, moto hukutwa bado unawaka.